Sikio la inje: si kila sikio linalouma lina usaha



Mara nyingi mtu anafika kwenye dispensari, mkono juu ya sikio, na neno lake la kwanza ni hili: «Munganga, nipe matone ya sikio.» Tukimwambia akae kwanza tuangalie, anaona kwamba tunamchelewesha bure. Jirani yake alipewa matone akapona, naye anataka yaleyale.

Lakini sikio linaweza kuuma, kuziba, kuvimba au kuwasha pasipo mikrobe hata moja. Pengine nta imejaa. Pengine damu imekusanyika chini ya ngozi. Pengine mtoto ameingiza ushanga, au ngozi imekataa madini ya herini. Dawa ya kuua mikrobe haiyeyushi nta, haitoi damu, haivuti ushanga. Mtu anatia matone wiki mbili, anangoja, na kumbe dawa aliyopewa haikuhusu ugonjwa wake.

Leo tunataka kueleza mambo mawili. La kwanza: namna tunavyotambua magonjwa ya sikio la inje yasiyotoka kwa mikrobe. La pili: kwa sababu gani tunayaandika kwa uangalifu kwenye fishi yako ya matunzo. Hilo la pili watu wengi hawalijali. Lakini ni lile linaloweza kukusaidia miaka kumi inayokuja, siku utakapoulizwa: «Sikio hili liliharibika lini, na kwa sababu gani?»

SIKIO LA INJE NI NINI?

Sikio lina sehemu tatu: ya inje, ya katikati na ya ndani. Sehemu ya inje ni ile tunayoiona pande mbili za kichwa, tuiite jani la sikio, pamoja na tundu linaloingia mpaka kwenye ngoma ya sikio. Ngoma hiyo ni ngozi nyembamba sana, nayo ndiyo mpaka kati ya inje na katikati.

Jani la sikio limejengwa kwa mfupa laini uliofunikwa kwa ngozi. Mfupa huo laini hauna mishipa ya damu yake mwenyewe. Unapata chakula chake kutoka kwenye utando unaoufunika. Lishike neno hili, maana tutalihitaji tutakapoongea juu ya sikio lililopigwa.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa karibu sentimeta 2 na nusu, nalo halinyooki, limepinda kidogo. Sehemu ya tatu yake iliyo karibu na mlango ina nywele na vitundu vidogo vinavyotengeneza nta. Sehemu mbili za tatu zilizobaki, kuelekea ngoma, zina ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa. Kule ndani hakutengenezwi nta. Basi munganga akikuta nta nyingi imebanwa mbele ya ngoma, mara nyingi ni mkono wa mtu ulioisukuma.

Nta siyo uchafu. Inazuia maji, inakamata vumbi, na mikrobe haziipendi. Tena ngozi ya tundu inatembea polepole kutoka ndani kwenda inje, ikichukua nta na vumbi, na taya linapotafuna chakula linasaidia kazi hiyo. Sikio zima linajisafisha lenyewe.

MUNGANGA ANATAFUTA NINI?

Anaanza kwa maswali. Sikio gani? Tangu siku gani? Lilianza mara moja au polepole? Linauma, linawasha, limeziba, au linatoa maji? Ulipigwa? Uliingiza kitu? Unafanya kazi gani, na unavaa vizibo vya masikio vya namna gani? Umewahi kupasuliwa sikio, au kuambiwa kwamba ngoma ina tundu? Usimfiche munganga kwamba ulitia kijiti cha kiberiti au petroli. Hatukuulizi ili tukugombeze. Tunauliza kwa sababu jibu lako linabadilisha matunzo.

Kisha anaangalia masikio yote mawili, akianza na lile lisilouma. Anaangalia jani la sikio mbele na nyuma. Anabonyeza mfupa ulio nyuma ya sikio. Mwisho anatumia otoskopi, ile taa ndogo yenye mdomo mwembamba. Kwa mtu mzima anavuta sikio juu na nyuma kusudi tundu linyooke. Kwa mtoto mdogo anavuta chini na nyuma.

Sikio lenye mikrobe katika tundu lake linauma sana ukilivuta au ukibonyeza kile kinundu kilicho mbele ya mlango wake. Tundu limevimba, limelowa, pengine lina usaha, na mara nyingine kuna homa. Magonjwa tunayoyazungumza leo mara nyingi hayana homa wala usaha. Lakini yanaweza kufungua mlango kwa mikrobe, hasa mtu akijikuna. Kwa hiyo ugonjwa ulioangaliwa leo unaweza kutaka kuangaliwa tena kesho kutwa.

Kama husikii vizuri, munganga anaweza kutumia diapazoni, kile chuma chenye meno mawili kinacholia kikigongwa. Anakiweka katikati ya paji la uso na kuuliza sauti inasikika upande gani. Wewe mwenyewe unaweza kujaribu jambo hili sasa hivi. Funga mdomo, guna «mmmm», kisha ziba sikio la kuume kwa kidole. Utasikia sauti inahamia kuume, upande ulioziba. Ndivyo ilivyo kwa nta: diapazoni inasikika zaidi kwenye sikio lililoziba. Kama sikio moja limeharibika ndani, kwenye mshipa wa kusikia, sauti inakimbilia sikio lililo zima. Kwa namna hiyo chuma kidogo kinatusaidia kutenga sikio lililoziba na sikio lililoharibika.

1. NTA ILIYOZIBA

Ishara zake: sikio limeziba, mara nyingi baada ya kuoga, kwa sababu nta imelowa na kuvimba. Mtu anasikia sauti yake mwenyewe kichwani. Pengine kuna mlio au kizunguzungu kidogo. Kwenye fishi utasoma «bouchon de cérumen».

Kijiti cha pamba hakisafishi tundu. Kinachukua nta kidogo ya mlangoni na kusukuma iliyobaki mpaka ngomani. Mtu anayevaa vizibo vya masikio kila siku naye anaweza kupata nta iliyobanwa, kwani kizibo kinaizuia isitoke. Hiyo siyo sababu ya kuacha vizibo. Nta inatolewa kwa dakika chache, lakini usikivu ulioliwa na kelele haurudi. Mwambie tu mkubwa wa kazi na munganga, upewe kinga ya namna ya kufunika masikio yote, mpaka tundu lisafishwe.

Matunzo: tunalainisha nta kwa matone ya mafuta safi ya mimea au maji ya bikaboneti, siku 3 mpaka 5. Kisha, kama ni lazima, tunaosha kwa maji ya joto la mwili, yaani digrii 37. Maji ya baridi au ya moto sana yanaleta kizunguzungu na kutapika. Hatuoshi sikio ambalo ngoma yake ina tundu, wala lililopasuliwa, wala linalotoa usaha. Na mtu mwenye sikio moja tu linalosikia, tunamtuma kwa daktari wa masikio, maana hatuwezi kucheza na mali ambayo hana ya pili.

2. DAMU CHINI YA NGOZI YA SIKIO

Jiwe limeruka, bomba limeteleza, kaske imegongwa kwa upande, au vijana wamepigana ngumi uwanjani. Jani la sikio linavimba, linakuwa laini kama mfuko wa maji, na mikunjo yake inapotea. Hapo damu imeingia kati ya mfupa laini na utando wake. Kwenye fishi: «othématome».

Kumbuka tulivyosema: mfupa laini unalishwa na utando huo. Damu ikiutenga, mfupa unakosa chakula, unaanza kufa, na mahali pake panaota nyama ngumu iliyokunjamana. Wapiganaji wengi wa ngumi na mieleka wana sikio la namna hiyo. Kuzuia kunawezekana, lakini muda ni mfupi. Ni vizuri damu itolewe ndani ya saa 48, kisha sikio lifungwe kwa kubanwa siku kadhaa kusudi damu isirudi. Ukingoja mpaka siku ya kupumzika, umechelewa. Na usitoboe mwenyewe kwa sindano nyumbani, kwani mikrobe zikiingia kwenye mfupa laini, sikio lote linaweza kuyeyuka.

Kama sikio limevimba hivyo pasipo mtu kukumbuka pigo lolote, aseme vilevile. Na kama ni mtoto au mama aliyepigwa nyumbani, tunaandika tunachokiona, na munganga anasikiliza pasipo kutangaza siri.

3. KITU KILICHOINGIA

Hii ni habari ya watoto kwanza. Shanga, punje ya mahindi, haragi, karatasi, kipande cha kalamu: tundu dogo linawavuta. Mtoto pengine hasemi neno, na mama anagundua tu kwamba haitiki akiitwa upande mmoja.

Mama, usitumie pini wala kibanio. Kitu cha mviringo kinateleza na kuingia zaidi. Usitie maji kwenye haragi au punje: itavimba na kukwama. Kama ni mdudu mzima anayetambaa, matone machache ya mafuta ya kupikia, yasiyo ya moto, yanamuua na kumtuliza mgonjwa, ikiwa unajua kwamba sikio lake halina tundu wala usaha. Kisha mlete tumtoe.

Kuna kimoja ambacho hakingoji hata nusu siku: betri ndogo ya mviringo, ile ya saa, ya vitu vya kuchezea na ya mashini za kuhesabia. Ikilowa tu, inaanza kuunguza. Inaweza kuunguza ngozi na ngoma kwa muda wa saa 2. Usitie tone lolote. Mchukue mtoto, kimbia lopitali, usiku au mchana, na useme wazi: «Ni betri.»

Watu wazima nao wanapata vyao: pamba iliyobaki, kipande cha kizibo kilichokatika, cheche. Ninyi mnaochomea chuma, sikilizeni hapa. Tone dogo la chuma cha moto likianguka katika tundu linaunguza ngozi, na linaweza kutoboa ngoma. Msimwage maji wala mafuta. Njooni siku hiyohiyo. Kovu la kuungua linaweza baadaye kufanya tundu kuwa jembamba, nta ikakwama kila mara. Kizibo cha sikio kinachostahimili moto, pamoja na kinyago kilichokaa vizuri, vinazuia mambo haya yote.

4. NGOZI INAYOKATAA

Sikio linawasha, linatoa magamba, pengine linalowa maji mepesi, hasa kwenye ndewe au mlangoni mwa tundu. Mara nyingi ngozi imekutana na kitu isichokipenda. Herini za bei ndogo zina nikeli, na pengine kobalti. Sisi tunaotoa kobalti hapa Katanga tunajua thamani yake, lakini ngozi za watu wengine haziipatani nayo. Kuna pia rangi ya nywele, sabuni, na vifaa vya kusikilizia simu.

Kwa mfanyakazi tunaangalia vizibo. Pengine ngozi inakataa kizibo chenyewe. Mara nyingine kizibo hakina kosa: mtu amekisokota kwa vidole vyenye mafuta ya mashini au vumbi, kisha akaviingiza vyote pamoja. Nawa mikono kwanza. Vile vya kuoshwa, vioshe kwa maji na sabuni nyepesi, vikauke. Vile vya kutupwa, vitupe.

Jambo moja la kushangaza: matone ya dawa nayo yanaweza kukataliwa na ngozi, hasa yenye neomisini. Kama sikio linawasha zaidi kila ukitia matone, acha, na uje na chupa yake. Lete vilevile kizibo na herini. Kitu unachokileta mkononi kinatueleza zaidi kuliko maneno mengi.

5. KOVU LINALOOTA

Msichana ametoboa ndewe. Kidonda kimepona, lakini baada ya miezi kovu linaanza kukua, gumu, lenye kung'aa, linapita mipaka ya tundu lenyewe. Hiyo ni «chéloïde». Inaonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na inafuata jamaa. Siyo saratani, siyo laana, wala hakuna mtu aliyemroga.

Kulikata tu na kuacha mara nyingi kunalirudisha, pengine kubwa kuliko la kwanza. Daktari anachoma sindano za dawa ndani ya kovu, pengine anakata na kuendelea na sindano, au anaweka kibanio cha kulibana. Ni kazi ya miezi. Afadhali kuzuia: kama mama, baba au ndugu ana makovu ya namna hiyo, fikirini vizuri kabla ya kutoboa masikio ya mtoto.

KWA SABABU GANI TUNAANDIKA HAYA YOTE?

Tazama fishi hizi mbili za mgonjwa mmoja, ambaye tunamtoa kama mfano tu.

Ya kwanza: «Otite. Matone.»

Ya pili: «Sikio la kuume limeziba tangu siku 4, baada ya kuoga. Hapana maumivu, hapana usaha, hapana homa. Nta ngumu imejaza tundu, ngoma haionekani. Mafuta siku 4, kisha kuosha kwa maji ya digrii 37. Nta imetoka. Ngoma imeonekana, ni nzima. Anasikia sawa. Sikio la kushoto: hapana neno.»

Ya kwanza ina maneno mawili, na moja siyo kweli. Munganga wa kesho akiisoma, atafikiri mtu huyu ana masikio yanayooza. Ya pili inampa kila kitu: upande, muda, kilichoonekana, kilichofanywa, na hali ya mwisho. Maneno «ngoma haionekani» ni ya maana sana. Munganga mwaminifu haandiki kwamba ngoma ni nzima kama nta imemzuia kuiona. Anaandika kwamba hakuiona, kisha anamwita mgonjwa arudi.

Juu ya upande, tunapenda kuandika neno zima. Kwa Kifaransa wengi wanaandika O.D. na O.G. Lakini O.D. inaweza kusomwa «oreille droite», sikio la kuume, ama «œil droit», jicho la kuume. Herufi mbili zimepotosha kiungo kizima. Wewe uliyetunzwa, soma fishi yako. Ukiona upande si ule, sema palepale.

Kuna pia namba za magonjwa. Lopitali nyingi zinatumia orodha ya Shirika la Afya la Dunia, ile ya 10, iliyokubaliwa mwaka 1990. Ya 11 imeanza kutumika Januari 2022. Katika ile ya 10, nta iliyoziba ni H61.2. Kitu kilichoingia sikioni ni T16. Sasa angalia jani la sikio lililovimba damu. Kama limepigwa, linaingia kati ya majeraha, S00.4. Kama limevimba pasipo pigo, linawekwa H61.1. Na likiachwa mpaka likunjamane, linakuwa M95.1. Sikio ni lilelile, namba ni tatu. Inayochagua namba ni habari uliyoitoa wewe na munganga akaiandika. Ukisema «limevimba tu» kwa kuogopa kutaja jiwe lililokupiga kazini, umeondoa ajali yako kwenye karatasi kwa mdomo wako mwenyewe.

Na karatasi hiyo ina kazi. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa maisha ya wafanyakazi, shirika ambalo wazee waliliita INSS limepokewa na CNSS. Ajali za kazi na magonjwa yatokanayo na kazi ni moja la mafungu yake. Lakini fungu hilo linafunguliwa kwa ajali iliyotangazwa na kuandikwa: siku, saa, mahali, kitu kilichopiga, sikio lililopigwa, mashahidi. Kwa hiyo jeraha la kazini, hata dogo, mwambie mkubwa wa kazi siku ileile, kisha uje dispensari. Usianze nyumbani.

NTA NA KIPIMO CHA KUSIKIA

Hapa ndipo kuandika vibaya kunaweza kumgharimu mtu zaidi. Nchi nyingi zinaweka kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi kuwa mahali ambapo hatari ya kelele inaanza kushughulikiwa. Na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda kwa nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2. Mashini za kutoboa na za kuponda mawe zinapita hapo kwa urahisi. Kelele inaharibu sikio la ndani polepole, pasipo maumivu, na mara nyingi inaanza kwenye sauti nyembamba, karibu na herzi 4000.

Tuseme mtu wa mashini ya kuponda mawe anapimwa. Sikio la kuume limeshuka kwenye sauti zote. Kama hakuna aliyeangalia tundu, ataandikwa kiziwi wa sikio moja, na pengine kuondolewa mahali pake pa kazi bure. Akiangaliwa, nta inaonekana. Inatolewa. Hapo mtu anafurahi, anasema: «Nimepona.» Lakini tunamwambia arudi kupimwa. Kipimo cha pili kinaonyesha sauti nene zimerudi, lakini kwenye herzi 4000 masikio yote mawili bado yako chini. Sasa tumeona mambo mawili: nta ilikuwa ya kuume, imekwisha. Kelele ni ya pande zote, nayo inaendelea.

Kama fishi ingesema «bouchon» tu, kelele ingejificha nyuma ya nta. Mtu angerudi kwenye mashini yake na vizibo vilevile visivyomtosha, mpaka siku asiposikia mlio wa hatari kabla ya kulipua mawe, wala kamio inayorudi nyuma. Ndiyo maana tunasema: kwanza kuangalia tundu, kisha kupima, na baada ya kutoa nta kupima tena. Siku ya kupimwa, ni vizuri uwe umekaa mbali na kelele saa 14 au zaidi.

KIMBIA, USINGOJE

Haya yafuatayo si ya kungoja zamu kwenye benchi:

– Betri katika sikio la mtoto.

– Damu au maji meupe yanayotoka sikioni baada ya pigo la kichwa.

– Uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele, pamoja na homa.

– Jani la sikio lililovimba baada ya pigo.

– Uso unaoshuka upande mmoja pamoja na maumivu ya sikio.

– Sikio lililoacha kusikia ghafula. Usikae wiki mbili ukisema «ni nta». Kama munganga akiangalia hapati nta, ni lazima daktari akuone upesi, kwani kuna ugonjwa wa mshipa wa kusikia unaotaka dawa katika siku za kwanza.

– Mtu mwenye ugonjwa wa sukari anayeumwa sikio sana, hasa usiku.

MAMBO MATANO YA KUSHIKA

1. Usiingize kitu katika tundu: si kijiti, si ufunguo, si unyoya wa kuku. Futa jani la sikio kwa kitambaa, inatosha.

2. Usiazime matone ya jirani. Dawa yake ni ya sikio lake.

3. Njoo na fishi yako, na kitu unachoshuku: kizibo, herini, chupa.

4. Sema ukweli wote: ulipigwa wapi, lini, na nini.

5. Kabla ya kutoka, uliza maneno matatu: «Sikio gani? Ugonjwa gani? Nirudi lini?» Kisha hakikisha yameandikwa.

Wazee walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Sisi tunaongeza kwamba sikio zima linataka kusikia onyo mapema. Kifaa cha mashini kikiharibika, magazeni inatoa kingine. Masikio tumepewa mawili tu, na magazeni haina la tatu.

Msaidizi wa munganga, dispensari ya kazi